Kidonge cha Pili: Mjadala wa Lehemu Kutoka Lupembe

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayeishi na VVU, akishatimiza miaka 40, aanzishiwe dawa ya kushusha lehemu, yale mafuta ya kolesteroli kwenye damu, hata kama haumwi popote na hata kama lehemu yenyewe haijapimwa.

Nimeipeleka hoja hii Lupembe, kwenye vilima vya chai mashariki mwa mji wa Njombe, kwa sababu moja isiyofichika. Mkoa wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wana virusi, ilhali wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4. Zamani mtu akiambiwa ana virusi alianza kugawa mashamba. Leo anameza ARV, dawa za kufubaza virusi, anachuma chai, anaoza binti, anapata wajukuu. Anazeeka. Na anayezeeka na VVU anakutana na presha, sukari, moyo na kiharusi, tena mapema kuliko jirani yake asiye na virusi.

Wasemaji ni watano na wote nimewatunga mimi. Hoja zao ndizo za kweli. Mganga ni tabibu kijana wa kituo cha afya. Muuguzi amefanya kazi CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, kwa miaka mingi. Mkulima ana ekari zake za chai na ana miaka 52, anatumia ARV. Mama Lishe anauza chipsi stendi ya Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Mfamasia ana duka la dawa hapohapo Makambako. Mimi naingilia pale ninaposhindwa kunyamaza.

MGANGA: Nianze na ushahidi. Julai 2023 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa REPRIEVE. Watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa miaka 40 hadi 75, kutoka nchi 12, na Uganda ikiwemo. Nusu walipewa dawa ya jamii ya statini, iitwayo pitavastatini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliomeza dawa walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, pungufu kwa asilimia 35. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikwishapatikana. Na hawa hawakuwa watu wenye lehemu ya kutisha. Wengi wao wangekuja kwangu na majibu yao ningewaambia, nenda nyumbani, uko sawa.

MKULIMA: Shikamoo haipo hapa, wewe ni kijana wangu, kwa hiyo nikuulize bila kuzunguka. Asilimia 35 ya ngapi?

MGANGA: Swali zuri, mzee wangu. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kundi lisilo na dawa lilipata matatizo kama 7. Kundi la dawa, kama 5.

MKULIMA: Yaani saba wakawa watano.

MGANGA: Ndiyo. Ukipiga hesabu, watu 106 wanapaswa kumeza kwa miaka mitano ili mmoja wao aepuke tatizo.

MKULIMA: Basi mimi natosha kabisa kuwa mmoja wa wale 105.

Hapa Mganga alicheka, na ningemwelewa kama angekasirika. Lakini swali la Mkulima ndilo ambalo kila mgonjwa angelipaswa kuliuliza, na wahudumu wetu wengi hawajazoea kulijibu. Tumezoea kumwambia mtu “dawa hii inapunguza kwa asilimia fulani” kama vile asilimia ni kitu cha kushika mkononi. Asilimia 35 ya hatari kubwa ni watu wengi. Asilimia 35 ya hatari ndogo ni wachache. Kwa hiyo, kabla ya kubishana juu ya dawa, ni lazima kwanza tujue hatari ya mtu mwenyewe ni kubwa kiasi gani.

MUUGUZI: Baba, hujakosea hesabu. Lakini nikueleze kwa nini wewe si sawa na jirani yako. ARV zimefubaza virusi, kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha safi. Ila kinga ya mwili haijalala. Inaendelea kuwaka moto mdogomdogo, mwaka baada ya mwaka, na mishipa ya damu ndiyo inayoumia. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa kwa mwenye VVU ni kama mara mbili ya asiye nayo. Halafu kuna uzito.

MKULIMA: Uzito umefanya nini tena, Sista?

MUUGUZI: Tangu 2019 tumehamia kidonge kimoja chenye dolutegravir ndani. Dawa nzuri, inafubaza haraka, haisumbui. Lakini wapo wanaonenepa nayo, na utafiti wa Afrika Kusini ulilionyesha hilo wazi, hasa kwa wanawake. Sasa mtu anakuja kliniki ameongezeka kilo kadhaa, uso umejaa, suruali imebana. Nyumbani wote wanamsifia. Wewe unajua hapa kwetu kukonda kulimaanisha nini.

MKULIMA: Kulimaanisha watu waanze kukuangalia pembeni.

MUUGUZI: Eee. Nikimwambia punguza uzito, anaona namrudisha kule. Mama mmoja anaweza kuniambia waziwazi, “Sista, nikikonda majirani watasema nimeacha dawa.” Nitamshauri nini mtu wa namna hiyo? Mazoezi? Anabeba kikapu cha majani ya chai tangu alfajiri.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa mjadala wote, na vitabu vya tiba havipagusi. Ushauri wa “pungua, kula vizuri, fanya mazoezi” umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye unene wake haujawahi kuwa cheti cha kuwa hai. Kwa aliyeponea chupuchupu miaka ya kwanza ya ugonjwa huu, mwili uliojaa ni ushahidi mbele ya kijiji kizima. Muuguzi anayelijua hilo haanzi na uzito. Anaanza na presha, kwa sababu presha haimwaibishi mtu.

MAMA LISHE: Mimi naomba niulize, maana nimekaa kimya muda mrefu na vyombo vinanisubiri. Mimi sina VVU, nimepima. Nina miaka 45, nakaa mbele ya karai la mafuta kutwa, kichwa kinagonga kila jioni. Hakuna mtu aliyewahi kunipima presha mpaka nilipojifungua mtoto wa mwisho. Mwenzangu wa CTC anapimwa kila akienda, anaitwa kwa jina, anapigiwa simu asipofika. Sasa mnataka kumwongezea na dawa ya mafuta. Ina maana mpaka niupate ugonjwa ndipo na mimi nionekane?

Kukawa kimya kidogo. Wanaotetea hoja walikuja na majibu ya watu wa CTC tu.

MUUGUZI: Mama, una haki ya kusema hivyo. Lakini usione CTC kama upendeleo. Ile ni njia iliyokwisha kufyekwa. Wapo waliojaribu kuwapitisha wote humohumo: utafiti wa INTE-AFRICA, vituo 32 vya Tanzania na Uganda, matokeo yalitoka 2023. Wenye VVU, wenye sukari na wenye presha walikaa benchi moja, wakaonwa na wahudumu walewale, wakachukua dawa dirisha moja. Watu wa VVU hawakuharibikiwa. Virusi viliendelea kufubaa kama kawaida. Na kwenye benchi moja si rahisi jirani kujua umefuata nini.

MAMA LISHE: Hiyo naikubali. Nipeni benchi hilo.

MFAMASIA: Na nani analipia benchi? Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za VVU nchi nyingi za Afrika zilitikisika ndani ya wiki chache. Leo mnataka kuegemeza presha, sukari na lehemu kwenye ukuta huohuo.

MUUGUZI: Ndiyo maana nasema benchi liwe la kituo, lisiwe la mradi.

Mfamasia hakuridhika, na sidhani kama alipaswa kuridhika.

Tukaingia kwenye chakula, kama ilivyo desturi. Mama Lishe alitaka kujua kama parachichi zilizojaa mashambani Njombe ndizo zinazopandisha lehemu, kwa kuwa “zina mafuta mno”. Mganga alimjibu vizuri: chakula cha mmea hakina lehemu ya kuhesabika, na mafuta ya parachichi ni ya aina isiyopandisha lehemu mbaya. Lawama ziende kwenye mafuta yanayoganda, nyama yenye shahamu, na karai linalochemshiwa mafuta yaleyale siku baada ya siku. Mama Lishe akauliza mafuta mapya yatanunuliwa na nani iwapo chipsi zinauzwa bei ileile. Hakupata jibu.

Kuna historia ya hapa Afrika Mashariki ambayo huwa inatumiwa vibaya katika maongezi haya. Mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha kazi yao ya Kampala: Waafrika waliowapima walikuwa na lehemu ya chini na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra kwao, wakati Wahindi wa mji huohuo walikuwa na lehemu ya juu na walikufa kwa moyo. Miaka michache baadaye Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini. Tangu hapo hadithi ikawa kwamba lehemu ni ugonjwa wa wenzetu. Wachache wanakumbuka kilichofuata. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa miili 50 ya Wamasai waliokufa, wakakuta mishipa ya moyo ina utando mnene kama wa wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na Mann alihisi ni kwa sababu ya kutembea sana. Utando ulikuwepo. Sasa bodaboda inafika mpaka mlangoni.

Na takwimu zimekwishahama. Utafiti wa kitaifa wa vihatarishi uliofanyika 2012 ulikuta mtu mzima 1 kati ya 4 Tanzania ana lehemu iliyozidi, na idadi kama hiyohiyo wana presha. 

MGANGA: Mimi hapo ndipo ninapotofautiana na Sista. Yeye, kama hoja inavyosema, yuko tayari kuanzisha dawa bila kipimo. Mimi sitaki. Ukinipa mashine ya kupima lehemu, ukinipa vitendanishi, nitajua namtibu nani. Yupo mtu amezaliwa na lehemu ya juu kwa urithi, takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Baba yake alianguka shambani akiwa na miaka 45, wakasema amerogwa. Huyo utamgundua kwa macho?

MUUGUZI: Simgundui. Nitamgundua kwa kumuuliza baba yake alikufaje, swali ambalo halihitaji umeme. Lakini niambie wewe, Daktari: mgonjwa anatoka huku juu na gari la alfajiri, tumbo tupu kwa sababu ameambiwa afunge, anafika Njombe, anaambiwa vitendanishi vimekwisha, njoo wiki ijayo. Atarudi?

MGANGA: Kufunga hakulazimiki siku hizi. Wataalamu wa Ulaya walishakubaliana 2016 kwamba kipimo cha kawaida kinaweza kuchukuliwa mtu akiwa amekula. Unarudia kwa kufunga kama trigliseridi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, zimepanda sana.

MKULIMA: Hilo mbona hatujaambiwa? Mimi nimefunga.

MFAMASIA: Na mkipima, pimeni kwa lugha moja. Mteja ananiletea karatasi mbili. Ya maabara moja imeandikwa LDL, ile lehemu mbaya, 4.9, ya maabara nyingine LDL 190. Anatetemeka, anadhani mafuta yamepanda mara arobaini ndani ya mwezi. Ni kitu kilekile, vipimo tofauti. Ukigawa 190 kwa 38.67 unapata hiyo 4.9. Mtu hakufafanuliwa, akaenda kununua dawa ya kienyeji ya “kuyeyusha mafuta” iliyotangazwa redioni.

MGANGA: Ila hiyo 4.9 yenyewe si ya kuchezea. LDL ikifika hapo naanza kuulizia ukoo mzima.

Nitasema upande wangu. Kati ya Mganga na Muuguzi, nipo na Muuguzi, lakini si moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya hatari mwaka 2019, likiwemo la kanda yetu ya mashariki mwa Afrika. Yapo ya aina mbili. Moja linahitaji kipimo cha lehemu. La pili halihitaji maabara kabisa: umri, jinsia, kuvuta sigara au kutovuta, namba ya juu ya presha, na uwiano wa uzito na urefu. Unashuka na kidole mpaka kwenye rangi. Kijani ni chini ya asilimia 5 kwa miaka kumi. Rangi inazidi kuiva kadiri hatari inavyopanda, mpaka nyekundu iliyokolea. Yule aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo hahitaji jedwali, apewe dawa. Mwenye sukari aliyetimiza miaka 40, vivyo hivyo. Mwingine akifika asilimia 20, apewe.

Kasoro ya majedwali hayo kwa Njombe ni kubwa: hayana mahali pa kuandika VVU. Yanamhesabu Mkulima wetu kana kwamba hana historia yoyote. Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani, wakitegemea REPRIEVE, walishauri statini kwa mwenye VVU wa miaka 40 hadi 75 kuanzia hatari ya asilimia 5 hadi chini ya 20, na chini ya hapo waliegemea kuitoa, ingawa faida yake ni ndogo. Ningeanzia kwenye hiyo asilimia 5. Siyo kila aliyetimiza 40. Hoja kama ilivyoandikwa ni pana mno. Lakini aliyetoka kwenye kijani na ana VVU asirudishwe nyumbani kwa sababu mashine imekosa vitendanishi. Kipimo kifuate baadaye, kitusaidie kuona kama dawa inafanya kazi na kuwakamata wale wa urithi.

MKULIMA: Mwandishi umesema vizuri, lakini kidonge unameza wewe au mimi? Namaliza miaka kumi nikimeza kimoja. Nimekizoea. Cha pili maana yake kopo la pili, maswali ya pili kwa watoto. Na hamjaniambia ubaya wake.

MGANGA: Nakuambia. Katika REPRIEVE, maumivu ya misuli yaliwapata asilimia 2.4 ya waliomeza dawa, na asilimia 1.4 ya ambao hawakuwa na dawa. Sukari ilianza kwa asilimia 5.3 dhidi ya 4.0. Kwa hiyo ubaya upo, ni mdogo.

MKULIMA: Kama faida yake.

MGANGA: Mzee, misuli ikiuma unaacha, inapona. Kiharusi huachi.

MUUGUZI: Na presha yako ni 158 leo, baba. Tusiongelee lehemu tukaisahau hiyo. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam ulikuta presha, VVU, sigara na lehemu isiyo sawa vyote vimo kwa walioanguka. Viwili kati ya hivyo unavyo, na kimoja, lehemu, hatujakipima. Kama utakubali kidonge kimoja tu cha kuongeza mwaka huu, mimi nitakuomba kiwe cha presha.

MKULIMA: Hicho nitameza. Cha mafuta tuongee kliniki ijayo.

Mganga alitaka kuendelea kubisha. Muuguzi akamzuia kwa mkono. Niliona ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba atamwona mgonjwa huyu tena na tena, na kwamba ndiyo ya leo ya vidonge viwili inaweza kuzaa hapana ya vyote vitatu ifikapo Pasaka.

MFAMASIA: Kabla hamjatawanyika. Pitavastatini hiyo ya utafiti kwangu haipo. Iliyopo ni atorvastatini, na simvastatini. Atorvastatini sawa, kwa dozi inayofaa. Lakini mtu aliyehamia mstari wa pili wa ARV, anayetumia atazanavir au lopinavir yenye ritonavir, akimeza simvastatini anaweza kuyeyusha misuli na kuua figo. Hii si hadithi, ni kemia ya ini: dawa moja inaizuia nyingine isivunjwe, inajazana. Sasa mimi nitajuaje anatumia nini? Anakuja dukani, watu wamejaa, nyuma yake kuna shemeji yake. Namuuliza, “Unatumia dawa gani nyingine?” Anasema, “Hakuna.”

MUUGUZI: Basi sisi tuandike kwenye cheti: asipewe simvastatini.

MFAMASIA: Mkiandika hivyo kila mfamasia wa Makambako atajua maana yake ndani ya wiki moja.

MKULIMA: Andikeni jina la dawa ninayotakiwa kupewa na dozi yake, na chini yake andikeni “isibadilishwe”. Basi. Mimi nitamkabidhi karatasi, sitasema neno.

MFAMASIA: Na nikiwa nimeishiwa na hiyo iliyoandikwa?

MKULIMA: Uniambie umeishiwa. Usinitafutie mbadala.

MAMA LISHE: Na yangu nani ataandika?

MUUGUZI: Njoo Jumatatu. Uje umekula.